Asante mama wa Mbuyuni, Moshi

Mama uliyefunga kitenge cha kijani pale soko la Mbuyuni, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Nina kisukari aina ya kwanza, natumia insulini, dawa ya kushusha sukari, na siku zile sukari ilikuwa inanishuka mara kwa mara. Jasho linanitoka, mikono inatetemeka, maneno yanagongana. Siku ile sokoni watu walishasema kijana kalewa asubuhi yote hii! Mwingine akapaza sauti, "Msimpe soda, ana kisukari!" Wewe ukamjibu, "Hii imeshuka, haijapanda," ukanishikisha soda ya kawaida, yenye sukari yake. Wengi hawalijui hilo. Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 mmol/L, soda nusu glasi ndiyo dawa, ilimradi mgonjwa anaweza kumeza. Aliyezimia hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Uliitoa mashine ya kupimia sukari kwenye begi langu ukaniambia, "Jichome mwanangu, tuone." 2.8. Ukanizuia kusimama mpaka dakika 15 zipite, tukapima tena: 4.6. Kisha ukanikatia mkate na ndizi mbivu, maana soda peke yake haikai mwilini.

Daktari ameshanipunguzia insulini ya usiku, naendelea vizuri.

Pesa ya soda uliikataa kabisa. Shikamoo mama, na anayemfahamu naomba amfikishie salamu. Nitapita tena sokoni, safari hii utapokea.