Ngao Wameikumbuka, Daktari Wamemsahau

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima. Dagaa uliowaagiza nimeshawanunua Mwaloni, wakavu, hawana mchanga hata kidogo, nitawatuma Dodoma kwa basi la Jumatano.

Ila sikuandikii kwa ajili ya dagaa. Tulipomaliza kutazama ile sehemu ya mshumaa ya Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, ambamo Dk. Beverly Crusher anapenda kivuli, ulisema, "Binadamu hubadilika, Minza, mwache mwenzio apende." Nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa na safari ya alfajiri. Neno hilo halijanitoka, na leo nakujibu.

Unajua ninavyompenda Dk. Beverly Crusher. Mjane, mama wa kijana mmoja, daktari mkuu wa chombo cha angani chenye watu wapatao 1,000, chini ya nahodha yuleyule, Picard, ambaye mume wa Beverly alikufa akiwa chini ya amri yake. Ukimpa mwandishi mzuri mwanamke wa namna hiyo, anayo kazi ya miaka. Na miaka walikuwa nayo: Star Trek: The Next Generation ilirushwa kuanzia 1987 hadi 1994, misimu 7. Msimu wa pili wakamwondoa wakamleta Dk. Pulaski, wa tatu wakamrudisha, na mwaka wote aliokuwa mbali ukapita kama safari ya kwenda sokoni.

Kumbuka sehemu iitwayo "Ethics", ya 1992. Worf, ofisa wa usalama wa chombo, ameangukiwa na pipa, uti wa mgongo umevunjika, miguu haisikii. Anakuja Dk. Russell na njia yake mpya ya kuotesha uti mwingine, ambayo haijawahi kufanywa kwa mtu aliye hai. Beverly anakataa. Russell anapomjaribishia dawa yake majeruhi mwingine, na majeruhi yule akafa, Beverly anamzuia kabisa asitibu mtu ndani ya chombo. Na hata baada ya Worf kupona kwa njia ileile, hakumpongeza. Alimwambia usoni kwamba anakimbilia mkato na kucheza bahati nasibu na maisha ya wagonjwa. Siku ile nilisimama kwenye kochi, wewe ukacheka. Nilikuwa namwona daktari.

Sasa njoo 1993, "Suspicions". Dk. Reyga, yule mtaalamu wa Kiferengi, jamii ya viumbe wa sayari nyingine, aliyebuni ngao ya kukingia chombo ndani ya jua, amekutwa amekufa. Ndugu zake wanasema mwili usiguswe kabla ya mazishi, ndiyo mila yao. Beverly akaupasua usiku. Alisimamishwa kazi, ni kweli, na baadaye ikathibitika kwamba Reyga aliuawa. Sisemi asingefanya. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyemkaripia Russell vile alipaswa kusikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, akiwa ameshika kisu juu ya mwili wa mtu ambao wenyewe wamekataa usiguswe.

Hapo namkumbuka daktari wetu wa kazini, yule mwenye miwani ya kamba shingoni. Ulikuwa umeshahama tulipopokea mtoto kutoka kisiwani, kaletwa na mtumbwi wa injini, akafariki kabla hatujajua kinachomuua. Daktari alitaka uchunguzi ufanyike. Bibi wa mtoto akakataa. Boti ya mwisho ilikuwa saa kumi, na kwao maiti hailali ugenini. Daktari akavua glavu, akaenda kukaa naye kwenye benchi la nje. Alikaa karibu nusu saa, ameinamisha kichwa, anasikiliza tu. Kisha akasaini, akamfunga mtoto mwenyewe kwenye khanga ya bibi yake, akawasindikiza hadi kwenye bajaji. Mpaka leo akiletwa mtoto mwenye homa ya namna ile, husimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia. Sisi wauguzi tunajua. Tunamsubiri.

Kule kusimama mlangoni ndiko ambako Beverly hakuwahi kupewa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ngao ya Reyga waliikumbuka! Miezi michache baadaye, katika sehemu ya pili ya "Descent", Beverly ameachiwa usukani, anakiingiza chombo ndani ya jua kwa ngao ileile na kuiangamiza meli ya Borg, wale maadui walio nusu mashine. Kwa hiyo waandishi wale kumbukumbu walikuwa nayo. Ngao imetoka hadithi moja ikaingia nyingine, lakini kuhusu mwili ule uliopasuliwa usiku sikusikia neno tena.

Sasa mshumaa wako. Nakubaliana nawe kuhusu msiba. Bibi aliyemlea amefariki, na mtu aliyefiwa anaweza kuacha kazi, anaweza kumpenda hata Ronin, kivuli kinachoishi kwenye mwali wa mshumaa. Hilo silipingi. Lakini anakuja kugundua kwamba kivuli hicho kimewaganda wanawake wa ukoo wake kwa karne nyingi, na ni mkono wake mwenyewe unaokiua. Mama Kulwa, wewe ungerudi vipi zamu baada ya hapo? Yeye wiki iliyofuata yuko kazini na muuguzi wake, kana kwamba alikuwa na mafua.

Picard alipotekwa na Borg mwaka 1990, akishaokolewa alipewa sehemu nzima, "Family", ya kurudi kwao Ufaransa, kupigana na kaka yake kwenye shamba la mizabibu na kulia huku wote wamejaa tope. Niliilia pamoja naye. Nilitaka na Beverly apewe tope lake.

Kwa hiyo sibishani nawe kwamba binadamu hubadilika. Nalalamika kwamba yeye alibadilishwa, kila hadithi ikichukua kipande ilichokihitaji.

Ukija Krismasi tuanze upya na ile ya Worf. Betri ya kompyuta nimebadilisha, umeme ukikatika hatutaishia njiani. Wasalimie Kulwa na Doto.

Wako,
Minza