Shukrani kwa fundi aliyenifundisha kujenga meko

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata, ila meko ya matofali niliyojenga uani yamesimama wima na moto unawaka vizuri, kwa hiyo shukrani hizi ni zako popote ulipo.

Ulipopita ukakuta ndiyo kwanza zege la msingi limekauka, hukunitakia kazi njema ukaenda zako. Ulikunja mikono ya shati ukaomba mwiko. Ukanieleza kwamba pale moto unapogusa huwekwa matofali ya kuhimili moto pamoja na udongo wake maalumu, kwani saruji ya kawaida ikipata joto kali mfululizo hudhoofika na kupukutika. Viungo kati ya tofali na tofali viwe vyembamba, kama milimita 3 hivi. Nyuma ya matofali hayo ukaniachisha nafasi ndogo, ili yakitanuka kwa joto yasiupasue ukuta wa nje.

Lakini nakushukuru zaidi kwa kunisisitizia subira. Meko mabichi yana maji ndani. Ukiwasha moto mkubwa mapema, maji yanageuka mvuke na kupasua viungo. Nikayaacha yakauke kama ulivyoniagiza, kisha nikaanza na vijiti vichache, nikiongeza kuni kidogo kidogo. Hadi leo hayana ufa hata mmoja!

Wapo mafundi wanaouficha ujuzi wao. Wewe uligonga tofali la kwanza kwa mpini wa mwiko, ukanikabidhi pimamaji, ukasimama pembeni nijaribu mwenyewe. Ahsante sana mzee wangu, Mungu akuzidishie afya.