Risala ya Vijana wa Besiboli kwa Mgeni Rasmi: Kijana wa Middle Amana

Baba Mchungaji, Mgeni wetu Rasmi,
Wazee wetu wa makanisa na wa msikiti,
Makocha na walimu wetu,
Baba zetu na mama zetu,
Ndugu waalikwa wote.

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Kwa niaba ya vijana wenzangu, wavulana kwa wasichana, nakukaribisha katika sherehe yetu ya kufunga msimu. Tunajua Jumamosi yako ina harusi na vikao, nawe umeviacha ukaja kwetu. Tunajua pia, Baba Mchungaji, kwamba wapo waumini waliokuuliza unafuata nini kwa watoto wanaokosa ibada kwa ajili ya mpira wa gongo. Swali hilo limetufikia, na risala hii ndiyo jibu letu. Mapato na matumizi mhazini ameyabandika pale mlangoni, kwa hiyo tunaomba tusiyasome, ili muda wetu tuutumie kumzungumzia mtu mmoja wa hapa hapa Iowa, jimbo letu hili la Marekani.

Anaitwa Bill Zuber, mrushaji wa besiboli. Wazazi wetu wanaofanya kazi katika kiwanda cha majokofu cha Middle Amana huingia kijijini kwake kila zamu. Hapo ndipo alipozaliwa tarehe 26 Machi 1913, kabla kiwanda hakijawa hata ndoto. Kulikuwa na mashamba, ghala, majiko ya pamoja, na nyumba ya ibada isiyo na mnara wala pambo lolote.

Watu wa Amana wengi tunawachanganya na Waamish, wale Wakristo wa Marekani wanaosafiri kwa magari ya farasi, lakini ni watu wengine kabisa. Walianza Ujerumani mwaka 1714, wakiamini kwamba Mungu hakuacha kusema na wanadamu baada ya manabii, bali bado huwavuvia wachache aliowachagua kuwa vyombo vyake. Hawakutaka kula kiapo, hawakutaka kubeba silaha, na serikali za huko hazikuwavumilia. Wakavuka bahari miaka ya 1840 wakiongozwa na Christian Metz, wakakaa kwanza karibu na Buffalo, kisha kuanzia mwaka 1855 wakahamia Iowa na kujenga vijiji vyao, hatimaye vikawa saba. Mgeni Rasmi, katika ukumbi huu wamo waliokaa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Hao hawahitaji kufafanuliwa maana ya watu kufunga mizigo mara mbili na bado kubaki na kanisa lao, lugha yao na chakula chao.

Mali yote ilikuwa ya jumuiya: ardhi ya ekari zipatazo 26,000, viwanda vya sufu, mifugo, nyumba. Hakuna aliyelipwa mshahara. Familia hazikupika nyumbani, zilikula katika majiko ya pamoja, wanaume meza yao na wanawake meza yao. Ibada zilikuwa 11 kwa wiki. (Sisi tunaonung'unikia ibada moja ya saa tatu tulipolisoma hilo tulinyamaza.) Mtoto alimaliza shule akiwa na miaka 14, halafu wazee wakampangia kazi, shambani, jikoni au kiwandani, naye akaenda.

Na besiboli ilikatazwa. Wazee hawakulifanya hilo kwa ukatili, na sisi tumejitahidi kuielewa hoja yao. Mchezo una mshindi, na mshindi hujivuna. Mchezo una watazamaji, na watazamaji hutoka nje wakiwa na nguo zao, maneno yao na fedha zao. Jumuiya iliyojengwa juu ya usawa mbele ya Mungu ikianza kumshangilia mmoja wao kwa sababu mkono wake una nguvu kuliko ya wengine, wazee waliona ufa. Lakini vijana walicheza. Walijificha, wakacheza, wakakemewa, wakarudi tena.

Mwaka 1932 mambo yaligeuka. Kiwanda cha sufu na kinu cha unga vilikuwa vimeungua mwaka 1923, madeni yalipanda, mdororo wa uchumi ukaikumba Marekani yote, na vijana walikuwa wakiondoka. Wanajumuiya wakapiga kura. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo mali ikawa ya kampuni ya hisa, watu wakaanza kulipwa, familia zikaanza kupika nyumbani, na kanisa likabaki kanisa. Zuber alikuwa na miaka 19.

Sasa tufike kwenye kitunguu, kwa sababu tumewaahidi wadogo zetu kwamba tutafika. Alikuwako mtu wa Cedar Rapids, Cy Slapnicka, mrushaji wa zamani aliyekuwa akiisakia vipaji timu ya Cleveland. Alisikia kwamba Middle Amana kuna kijana mwenye mkono. Inasimuliwa kwamba alimkuta shambani akivuna vitunguu, akamwomba aonyeshe anavyorusha. Mpira haukuwapo. Zuber akaokota kitunguu, akakivurumisha hadi kwenye paa la jengo lililokuwa mbali sana. Wengine husema kilipita juu ya paa, na kila anayekisimulia hukiongezea hatua kadhaa. Kisichobishaniwa ni kwamba kijana alisajiliwa.

Kwa wazazi ambao bado wanauona mchezo huu kama vurugu, mrushaji ndiye anayesimama katikati, juu ya kichuguu kidogo, na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kazi yake ni kumfanya akose. Akirusha nje ya eneo linaloruhusiwa mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Basi mrushaji anahitaji vitu viwili, kasi na shabaha, na Mungu hagawi vyote kwa kipimo kimoja. Zuber alikuwa na kasi. Shabaha ilimsumbua karibu maisha yake yote ya mchezo.

Alianza kucheza ligi kuu Septemba 1936, akiwa na Cleveland. Mwaka huo huo timu hiyo ilimwingiza kijana mwingine wa Iowa aliyeletwa na Slapnicka huyo huyo, Bob Feller wa Van Meter, mwenye miaka 17. Feller akawa mmoja wa warushaji wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo. Zuber akapelekwa ligi za chini, akarudi, akapelekwa tena. Hadi anaondoka Cleveland baada ya msimu wa 1940, alikuwa ameshinda michezo minne tu. Tuliposoma hapo, baadhi yetu walitaka tumwache tumchukue Feller. Tulibishana mazoezi mazima. Mwishowe tukabaki na Zuber, kwa sababu katika timu yetu hakuna Feller, ila akina Zuber tumejaa.

Washington wakamchukua mwaka 1941. Msimu uliofuata alishinda michezo 9 na kupoteza 9. Januari 1943 akapelekwa New York Yankees kwa kubadilishana wachezaji, timu ambayo hata bibi zetu wanaijua kwa kofia. Huko alishinda 8 na kupoteza 4, na Yankees wakachukua ubingwa. Yeye mwenyewe fainali zile hakurusha hata mpira mmoja, alikaa benchi na warushaji wa akiba.

Tunaomba tusimame kidogo kwenye mwaka 1945, maana kocha wetu anaupenda kuliko ile ya ushindi. Mwaka ule Zuber alishinda michezo 5 na kupoteza 11. Ukiishia hapo utasema alikuwa hafai. Lakini kuna hesabu nyingine, ya wastani wa pointi ambazo mrushaji huwaruhusu wapinzani kwa kila mchezo wa zamu tisa za kupiga, na wastani wake mwaka ule ulikuwa 3.19. Katika maisha yake yote ya ligi kuu wastani huo ulikuwa 4.28, na hapo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mrushaji anavyokuwa bora. Maana yake alirusha vizuri kuliko kawaida yake akapoteza kuliko kawaida yake. Wenzake hawakumfungia pointi za kutosha. Mama mmoja wa hapa, tulipomweleza, alisema hiyo ndiyo kazi ya usiku kiwandani: unafanya vizuri na hakuna anayekuona. Hatukuweza kulisema vizuri zaidi yake.

Katikati ya msimu wa 1946 akahamia Boston Red Sox, timu ya mpigaji mashuhuri Ted Williams. Huko akashinda 5, akapoteza 1 tu. Red Sox wakafika World Series, yaani fainali za ligi kuu, na safari hii Zuber alisimama kwenye kichuguu, kwa zamu mbili. Boston walishindwa na St. Louis Cardinals katika mchezo wa saba. Mwaka 1947 ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika ligi kuu. Jumla: alishinda 43, akapoteza 42. Mmoja zaidi.

Kisha akarudi nyumbani, Baba Mchungaji, na hapa ndipo tulitaka kukufikisha. Mwaka 1949 yeye na mkewe walifungua mgahawa Homestead, kimojawapo cha vile vijiji saba. Chakula kilikuwa kile cha Amana alichokulia katika jiko la jumuiya, kimepakuliwa katika mabakuli makubwa yanayowekwa katikati ya meza, kila mtu ajipakulie. Wageni walikuja kwa ajili ya besiboli wakala chakula cha watu wa kanisa, na wengine walikuja kwa chakula wakasikia habari za Yankees. Aliishi kati ya watu wake, akafariki mwaka 1982 mjini Cedar Rapids, ambako nusu ya waliomo ukumbini wanaishi.

Hatuji mbele yako kusema kwamba wazee wa Amana walikosea kuogopa. Walichoogopa kilitokea kwa sehemu. Majiko ya pamoja yalifungwa, Kijerumani kikapungua midomoni mwa wajukuu, vijana wakaoa na kuolewa nje. Mchezo haukuyaleta hayo peke yake, madeni na moto vilikuwa na sehemu kubwa zaidi, lakini ulikuwa mlango mmojawapo, na anayesema mlango haupitishi upepo hajawahi kukaa Iowa mwezi Januari. Hata hivyo kanisa lile bado lipo na bado linasali Jumapili. Na mtoto wake huyu maarufu hakulikimbia. Walimwachia akaenda, naye akajua njia ya kurudi.

Sasa shida yetu, Mgeni Rasmi, nayo ni moja iliyo kubwa. Ligi tunayochezea hupanga michezo mingi Jumapili asubuhi. Mwaka huu wachezaji wetu waligawanyika: wengine walikwenda ibadani na timu ikapungukiwa, wengine walikwenda uwanjani na nyumbani kukawa na maneno. Yuko mwenzetu ambaye glavu yake ilifungiwa kabatini tangu Juni. Hatumlaumu mzazi wake, na yeye mwenyewe yuko hapa leo, tena ndiye aliyepanga viti. Wasichana wa softboli, mchezo wa jamii ya besiboli, wana shida hiyo hiyo, na juu yake wanaulizwa kwa nini wanavaa suruali.

Tulipowaandikia wasimamizi wa ligi mmoja mmoja hatukupata jibu. Tuliambiwa baadaye na kocha kwamba barua yenye sahihi za viongozi wa dini, wachungaji na masheikh kwa pamoja, itajadiliwa kikaoni kabla ratiba ya mwakani haijapangwa. Hatuombi Jumapili nzima iachwe. Tunaomba michezo yetu ianze saa nane mchana, ibada zikiwa zimekwisha, hata ile ya kwako ambayo, kwa heshima zote, huwa haiishi saa saba.

Ombi la pili ni dogo. Wazee mje uwanjani. Wengi wenu hamjawahi kuuona mchezo huu, mmeusikia tu kwa watoto wanaoukosea ibada. Viti tutaleta, chai tutachemsha, na kila mzee atapewa kijana mmoja wa kumweleza kinachoendelea, maana bila hivyo mtaondoka baada ya zamu ya pili.

La tatu, kama kanisa linaweza kutuazima basi lake Jumamosi moja kabla ya baridi, tungependa kwenda Amana pamoja na wadogo zetu. Mafuta tutachangishana. Ni nusu saa tu, na wazazi wa zamu ya kiwandani wamejitolea kutuonyesha njia.

Barua ya ligi tumeshaiandika kwa Kiingereza, na nakala yake ya Kiswahili ipo kwa wazee wanaotaka kuisoma kwanza. Iko mezani kwa katibu, karibu na sambusa. Nafasi ya sahihi ya kwanza tumekuachia wewe.

Tunaomba kuwasilisha.