Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayefundisha Kiswahili Berlin

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, mama anakusalimu na anauliza kama umeshanunua koti. Ujumbe wako nimeupata. Ile sehemu ulipoandika kwa mbwembwe kwamba wewe ndiye mtoto wa Dar wa kwanza kuwasimamia Wajerumani darasani na kuwasahihisha ngeli imenichekesha. Umetanguliwa bwana, tena kwa miaka mingi. Nakujibu hadharani kwa sababu huyo aliyekutangulia hata hapa kwetu alikozaliwa hajulikani sana.

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed, wa Dar es Salaam, 22 Februari 1904. Huko uliko walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wajerumani, na alipanda mpaka cheo cha efendi. Juu ya hapo Mwafrika hakuwa na pa kukanyaga. Jeshi lenyewe unalijua. Ndilo lililozima Maji Maji kwa kuchoma maghala na mashamba, njaa ikamaliza walioponea risasi. Simhukumu mtoto kwa ajira ya baba yake, ila wengi wanaomlilia Husen huanza hadithi baada ya hapo, na mimi naona ni kumpunja msomaji.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza 1914 alikuwa na miaka 10. Alishasoma shule, Kijerumani anakijua, akaandikishwa pamoja na baba yake na kuwekwa miongoni mwa wanaojifunza kazi ya ishara, yaani kupeleka habari za jeshi. Miaka 10, mdogo wangu. Umri huo wewe ulikuwa unaogopa kutumwa dukani usiku.

Miaka 3 iliyofuata ni ya kutembea. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, aliendesha vita vyake kwa kukimbia na kugeuka, akipiga na kuondoka, na nyuma ya kila safu walikuwepo wapagazi, wake za askari na watoto, wote wanakula kilichopatikana vijijini njiani. Ukitoka Lindi kwenda Masasi, karibu na Nyangao, kuna mahali panaitwa Mahiwa. Hapo, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalitokea mapigano makali kuliko karibu yote ya vita vile. Upande wa Mwingereza walikuwepo askari wa Nigeria, upande wa Mjerumani watu wa kwetu. Lettow alishinda, lakini ushindi ule ulimmaliza nguvu. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Husen hakuvuka. Alijeruhiwa Mahiwa, akashikwa na Waingereza. Mateka wa vita mwenye umri wa miaka 13.

Kwa askari wengi kutekwa kulikuwa mwanzo wa ajira nyingine. Mwaka huohuo wa 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles), jeshi lao la askari Waafrika, wakachukua humo waliokuwa askari wa Mjerumani: asubuhi mateka, jioni una bwana mpya. Na ngoma ya beni, hiyo ambayo bibi alikuwa akiisimulia kwa kujidai kama vile ilibuniwa uani kwake, ilienea bara pamoja na askari na mateka wa vita vile. Lakini usinitoe kwenye Husen.

Vita viliisha, bendera zikabadilishwa, na mshahara wa vita wa baba na mwana haukulipwa. Hapa ndipo ninapompenda mtu huyu. Alifanya kazi melini, akazunguka bahari, na mwaka 1929 akateremka Ujerumani. Akaenda Wizara ya Mambo ya Nje, Berlin, kudai. Chetu hiki, cha baba yangu na changu, tulipigana hatujalipwa. Wakamjibu kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita. Yaani mtu aliyetekwa akiwa mtoto alitakiwa afike na fomu zake kwa wakati!

Wengine wangerudi nyumbani. Yeye alibaki. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, na Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika serikali, akamwoa Maria Schwandner. Na alifundisha Kiswahili, kazi kama yako, chuo kikuu, chini ya Profesa Westermann. Cheo chake kilikuwa msaidizi wa lugha. Profesa ndiye mwenye elimu, yeye ndiye mwenye ulimi. Wanafunzi wengi walikuwa maofisa wanaojiandaa kurudi kuitawala Tanganyika siku Ujerumani itakapoipata tena. Naomba ulitafakari hilo: mtu wa Dar anawafundisha watu namna ya kuamrisha Dar.

Je, hakujua? Alijua. Alivaa sare ya askari akashiriki mikutano ya wale waliotaka makoloni yarudi. Aliomba ile nishani waliyopewa waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Akaenda dukani akainunua, akaivaa kifuani. Mwaka 1939 vita vipya vilipoanza akaomba kujiunga na jeshi, wakamkataa. Kuna watakaomwita kibaraka, na siwezi kuwazuia, maana ushahidi wanao. Mimi namwona mdai. Dawa ya deni kulipa, na aliyekataa kumlipa fedha alidaiwa nishani, akanyima nishani akadaiwa nafasi jeshini. Kila alipodai aliwalazimisha waseme kwa maandishi kama yeye alikuwa askari wao au hakuwa. Hawakutaka kusema. Askari mtiifu walimhitaji kwenye hotuba, wakimsifu kwa uaminifu. Huyu aliye hai, mwenye mke Mjerumani na watoto, aliwatia kero.

Riziki nyingine ilikuwa sinema. Alionekana katika filamu zaidi ya 20, nyingi akiwa mtumishi, mbeba mizigo, mtu wa kusimama nyuma ya bwana. Ya mwisho ilitoka 1941, ya kumtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao huku kwetu. Ndiyo, Peters yuleyule, mkono wa damu, aliyewanyonga watu Kilimanjaro mpaka serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi. Husen aliigiza kiongozi wake wa safari, mwaminifu kama kawaida. Miongoni mwa weusi wengine walioonekana humo walikuwamo mateka wa vita waliotolewa makambini. Kwa hiyo aliyekuwa mateka wa Mahiwa alisimama mbele ya kamera pamoja na mateka wa vita vipya, wote wakicheza Waafrika wanaompenda Mjerumani. Sijui mtunga hadithi gani angethubutu kubuni hilo.

Mwaka huohuo aliacha kufundisha. Wakati wa filamu alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, habari zikafika Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na mwezi Agosti wakamkamata kwa kosa lao la kuchafua damu, yaani mtu mweusi kulala na Mjerumani mweupe. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi ya mateso iliyo nje kidogo ya Berlin, na humo akakaa miaka 3 na zaidi. Kufungwa mara ya kwanza alikuwa askari aliyeshindwa, na adui alimwita mateka wa vita. Mara ya pili waliomfunga ni wale aliowapigania, na hata cheo cha mateka hawakumpa. Alikufa humo 24 Novemba 1944, umri miaka 40.

Yule askari wa shaba wetu wa katikati ya mji, aliyesimamishwa 1927, hamhusu Husen. Yule ni wa upande wa Mwingereza. Waliopigana upande wa pili hawana sanamu mjini kwetu, na sidai ijengwe, sanamu zinatutosha. Jiwe la Husen liko huko kwako: Brunnenstraße 193, mtaa wa Mitte, kibamba kidogo cha shaba kilichotiwa chini kwenye njia ya miguu mwaka 2007 mbele ya nyumba alikoishi. Unapita juu yake usipoangalia chini.

Deni la askari lilikuja kulipwa 1964, mwaka aliokufa Lettow. Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha, wazee mia tatu na kitu wakajikusanya Mwanza. Wenye vyeti walikuwa wachache, na inasimuliwa kwamba wasio navyo walipewa ufagio badala ya bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Miaka 20 tangu Husen afe. Yeye asingehitaji ufagio. Alishajieleza wizarani kwa Kijerumani safi, wakamrudisha.

Ukipata siku, panda treni ya S1 mpaka kituo cha mwisho, Oranienburg, halafu kambi unaifikia kwa miguu. Nenda na wanafunzi wako kama watakubali, usiwalazimishe. Na ule mkataba wako, uliosema wanakulipa kwa saa za darasani tu, za kusahihisha hawazihesabu: kabla hujasaini mwingine nitumie nakala niusome.

Kaka yako,
Dar es Salaam