Kaka, ile nati ya katikati usiiguse kwanza

Kamwene kaka,

Ujumbe wako nimeupata na picha za pikapu nimeziona, kweli mbele kushoto imelala kabisa, ila kwa tenga za nyanya unazotoa mashambani huko Ilula kila msimu hata Hilux ngumu namna gani lazima ichoke. Kwamba unataka ubadilishe springi na shokapu mwenyewe hapo nyumbani mi naunga mkono, spana unazijua na jeki unayo. Ila pale ulipoandika kwamba springi utaibana kwa kuifunga waya wa nondo kama wanavyofanya wale vijana wa gereji ya jirani, hapo ndo nimeona nikuandikie kirefu.

Gari kama yako mbele pana uzito kama wa tani moja, yani kila upande umebeba karibu nusu tani hata hujapakia kitu. Sasa ukiitoa shokapu inakuja na springi yake kitu kizima, springi imekandamizwa kati ya kikombe cha chini na sahani ya juu, na kinachoizuia isifumuke ni nati moja tu, ile ya katikati juu. Pembeni yake kuna zingine tatu, hizo tatu pamoja na bolti kubwa ya chini ndo unafungua ili shokapu na springi yake vitoke pamoja kwenye gari. Ile ya katikati usiiguse, hata kuilegeza kidogo usiilegeze, mpaka springi iwe imebanwa na kifaa chake na ukiishika kwa mkono inazunguka kwenye kikombe. Ikifumuka kabla ya hapo inaruka na sahani yake, na hicho chuma kikikukuta usoni kaka hatuongei habari ya hospitali tena. Waya wa nondo unakatika bila taarifa, ndo maana nakuomba achana nao.

Kifaa chenyewe ni zile bolti mbili ndefu zenye ndoano, Dar pale Gerezani na Kariakoo zipo na hata Mbeya mjini ukiulizia maduka ya spea utapata. Angalia usiuziwe zile nyembamba za magari madogo, springi ya pikapu waya wake mnene, ndoano inatakiwa iukumbatie wote na iwe na kile kipini cha kuzuia isichomoke. Ukiona uzi wa bolti umeliwa au ndoano ina ufa rudisha dukani. Paka grisi kwenye uzi, weka moja huku na nyingine upande wa pili kabisa zitazamane, shika mikunjo mingi ya springi kadri inavyowezekana, afu kaza kwa spana ya mkono, raundi chache huku, raundi chache kule. Ukikaza upande mmoja sana springi inapinda kama ndizi na ndoano inateleza. Mashine ya upepo ya kukazia nati usitumie, inakaza haraka mno huoni kinachoendelea na uzi unakufa. Muda wote huo kichwa na kifua visiwe usawa wa ncha za springi, ilaze pembeni yako, na watoto wakae mbali. Ikishalegea kwenye kikombe inatosha, acha, usiendelee kukaza mpaka mikunjo igusane.

Kabla hujaachanisha piga alama ya rangi kwenye sahani ya juu, springi na bushi ya chini, maana ncha ya springi lazima ikae kwenye kile kituo chake cha kikombe, ikikaa vibaya italia na gari litalala tena. Ule mti wa shokapu unaong'aa usiushike na praizi, ukikwaruzika sili, ule mpira unaozuia mafuta, inavuja ndani ya muda mfupi. Na badilisha kushoto na kulia pamoja hata kama kulia bado inaonekana nzima, siyo mpya upande mmoja na mzee upande mwingine afu ushuke nayo mlima wa Kitonga imepakia.

Ila mi kwa moyo wote ningependa hivi: toa mwenyewe nyumbani, afu zipakie kwenye bajaji uzipeleke gereji yenye mashine ya kusimama ya kubana springi, wakubadilishie tu, wewe urudi ukafunge. Hela inayokwenda ni ndogo na ile sehemu ya hatari inafanywa na mashine iliyoshikiliwa chini. Shemeji na ile Land Cruiser yake ya ekseli nzima, chuma kimoja toka tairi hadi tairi, asikudanganye, ile ukifungua shokapu ukashusha ekseli springi inatoka yenyewe bila kubana, ya kwako siyo hivyo.

Ukiinua gari weka stendi chini ya chesisi, jeki peke yake hapana, na mawe matairi ya nyuma maana najua uwanja wako umeinama. Bolti ya chini kaza mwisho gari likiwa limekanyaga chini, vinginevyo mpira wa bushi unajikunja na kuchanika mapema. Afu upeleke alaimenti, wakanyooshe matairi.

Ukishazifunga zile ndoano nitumie picha kabla hujakaza, simu yangu iko wazi jioni zote, nikiona zimekaa nitakwambia endelea. Huku Uyole baridi imeanza, viazi vimepanda bei kidogo, mama anakusalimia sana.

Wako wa siku zote