Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Presha, Sukari na Mfuko wa Dawa

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama, shikamoni.

Mambo ya fedha yamo kwenye karatasi ya mhazini. Mimi nitazungumzia maradhi.

Mzee wa miaka 70, awe wa Likoni au Majengo hapa Mombasa, mara nyingi hana ugonjwa mmoja. Ana presha, ana sukari, na magoti yanamuuma. Kila ugonjwa una kiliniki yake na vidonge vyake, wala hakuna anayeumimina mfuko mzima wa dawa mezani akautazama.

Kinachotutia hofu zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Magoti yakikaza, hununuliwa bila karatasi ya daktari na kumezwa wiki nenda wiki rudi. Huufanya mwili uzuie chumvi na maji, basi presha hupanda ilhali vidonge vyake vinamezwa sawasawa. Mzee huongezewa kidonge kingine, kumbe chanzo anacho mwenyewe mfukoni. Ikikutana na enalaprili, ambayo ni dawa ya presha, na dawa ya kukojoza, figo huumia. Mwenye presha aulizie kwanza dawa ya kupaka.

Amlodipini, dawa nyingine ya presha, nayo huweza kuvimbisha miguu, na wapo wanaoiacha kimyakimya. Msiiache, rudini mseme, ipunguzwe au ibadilishwe.

Ramadhani ina hatari yake. Glibenklamidi, kidonge cha sukari, husukuma kongosho litoe insulini, kishusha sukari cha mwili, hata tumbo likiwa tupu. Alasiri mzee akitoka kijasho, akitetemeka mikono au akiduwaa, nyumbani husemwa ni saumu tu. Mpimeni sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Dawa zipangwe upya na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama.

Katika upimaji wa presha, kosa kubwa ni kumfunga mtu mkanda wa kipimo punde tu ashukapo tuktuk, tena juu ya mkono wa kanzu au buibui. Apumzike dakika tano, aegemee, nyayo ziguse sakafu, mkono wazi uwe mezani usawa wa moyo, asizungumze. Mkono mnene unataka mkanda mkubwa. Mdogo hutoa presha ya uongo iliyo juu. Naomba kikao kiidhinishe tuununue huo mkubwa.

Siku ijayo ya vipimo, kila mmoja aje na mfuko wake wote, pamoja na dawa za mitishamba na zile za kuazima kwa jirani.