Hiyo taa ya vifaranga kaifunga na nini?

Mama Upendo shoga yangu,

Za Mafinga? Huku Njombe baridi ya mwezi wa saba si unaijua, maji ya kunawa asubuhi yanauma mpaka mifupa. Umeniambia vifaranga 100 unawapokea wiki ijayo na taa fundi ameshaifunga. Haya, kabla ya yote nenda kaangalie kaifunga na nini.

Maana mimi yangu niliininginiza kwa kamba ya katani kwenye msumari mmoja, nikajiona fundi, usiku wa tatu kamba imekaushwa na joto imekatika, taa puu kwenye maranda. Nilichosikia ni vifaranga wanalia ile piii kali ya kukazana, sio ile chi chi chi ya walioshiba, nikakurupuka na khanga moja, kufungua mlango moshi umetanda. Maranda yameungua duara kama sinia. Wamekufa 9. Bahati iliangukia karibu na chombo cha maji palipokuwa na unyevu, la sivyo barua hii ningeiandikia kwa jirani.

Kwa hiyo mnyororo mwenzangu, mnyororo wa chuma na ndoano, unapandisha na kushusha tundu kwa tundu, halafu pembeni weka na waya mgumu wa kuidaka ndoano ikichomoka. Waya wa umeme usibebe taa hata dakika moja. Na holda iwe ya kauri, hizi za plastiki ukiweka balbu ya wati 250 zinalainika kama mshumaa.

Mimi sasa natumia balbu mbili za wati 150, moja ikiungua usiku nyingine inawafikisha asubuhi. LUKU itakuuma sikufichi, wati 250 mchana na usiku ni uniti 6 kila siku, ndo maana jua likichomoza nazima moja.

Washa tangu jana yake ili wakute maranda yameshapata joto. Anzia kama sentimita 45 kutoka chini, wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, kila wiki unapandisha taa joto lishuke kama nyuzi 3. Kipimajoto kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, changu nilikitundika ukutani kinasema 33 huku wenzangu wamerundikana kama viazi kwenye gunia! Wakirundikana chini ya taa shusha, wakikimbilia pembeni wanahema midomo wazi pandisha, wakitawanyika wengine wamelala miguu nyuma utadhani wamekufa, basi hapo hapo usiguse kitu.

Ah na kona. Boksi lako zungushia hodibodi liwe duara, kwenye kona wanapandana na wa chini wanakosa hewa. Upande mmoja uache bila taa, atakayesikia joto akimbilie huko.

Umeme ukikatika usiingize jiko la mkaa umefunga madirisha, ile hewa inawaua wao na wewe. Mimi najaza maji ya moto kwenye madumu ya lita 5 nayavisha magunia, nayapanga katikati, wanayakumbatia wenyewe.

Mnyororo umebaki kama mita mbili, kesho nampa konda wa basi la saa kumi na mbili, mtume Upendo stendi akaupokee.

Wako,
Mama Jose